Kifupisho cha Karani

Gunia la nne la unga lilipofunguliwa, Redio aligeuza uso ukutani, akavuta pumzi ndogondogo kama mtu anayepita kando ya jaa, kisha akalimimina lote katika chekecheke kubwa la bati. Vumbi jeupe likapanda. Lilipomfikia kifuani, kifua kikajibu. Kikohozi kilianza chini, karibu na mbavu za kulia, kikapanda kwa mikoromo na miluzi, kikamaliza safari yake kwa kohozi zito la rangi ya haradali alilolitema katika kitambaa. Alikikunja kitambaa na kukirudisha mfukoni bila kukitazama. Rangi ile aliijua kama ajuavyo rangi ya mlango wa nyumba yake.

"Redio imeshika stesheni," alisema mzee wa tanuri, akiwa ameegemea koleo lake refu la kutolea mikate. "Leo ni taarifa ya habari au salamu za wasikilizaji?"

"Matangazo ya vifo, mzee. Kaa karibu usikie jina lako."

Wote wakacheka, hata yeye, ingawa kicheko kilimrudisha kwenye kikohozi. Jina hilo la Redio walimpa mwaka wake wa kwanza pale kiwandani, na hakulichukia. Mtu ambaye kifua chake hakizimwi usiku wala mchana hana budi kuitikia jina linalomfaa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na miaka tisa kati ya hiyo alikuwa amekanda unga wa kiwanda kile cha mikate kwa mikono yake miwili, kwa sababu mashine ya kukandia iliharibika mwaka ule ule alioajiriwa, na mwenye kiwanda aliona kwamba mikono haihitaji vipuri. Hakuna aliyeweza kusema kwamba Redio alikuwa mvivu. Aliugua, akapona, akarudi. Akaugua tena, akapona nusu, akarudi.

Msimamizi aliingia saa moja na nusu. Nyuma ya mgongo wake walimwita Nukta, kwa kuwa kila amri yake ilimalizikia hapo.

"Kadi za afya zinakwisha leo," alisema. "Ambao hamjagongewa muhuri mpya, mwende kwa bwana afya. Anayerudi bila muhuri, kesho asinijie. Nukta."

"Mimi nimebaki peke yangu," Redio alisema. "Na leo nina ahadi na daktari palepale kliniki. Nitaunganisha."

"Unganisha. Lakini kwanza malizia huo unga."

Alimaliza. Alikanda karai tatu, akazifunika kwa vitambaa vyenye unyevu ili unga uumuke, akanawa hadi viwikoni, akaondoka. Nguo zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi na uso wake ulikuwa na joto. Alitembea haraka, akasimama, akatembea tena. Siku hizi hakuweza kwenda mwendo mmoja.

Daktari alikuwa mgeni. Ilikuwa wiki yake ya tatu katika kliniki ile. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani iliyomteleza puani, na alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtangulia aliyekuwa amelifanya: alilisoma daftari lote. Wagonjwa wa pale walinunua madaftari ya shule na kuandikiwa humo matibabu yao, na la Redio lilikuwa la kurasa tisini na sita, limevalishwa jalada la gazeti, limebakiza kurasa nne. Daktari aliligeuza ukurasa kwa ukurasa, akiweka alama kwa penseli pembeni.

"Nimonia mwezi wa tatu. Nimonia mwezi wa sita. Sikio. Uvimbe wa mifupa ya uso. Nimonia tena, ukalazwa. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Kila mara dawa ile ile ya siku saba, unapona, wiki sita umerudi. Hakuna aliyekuuliza kwa nini?"

"Waliniambia nisilale dirisha likiwa wazi."

"Unafanya kazi gani?"

"Nakanda mikate."

"Vumbi la unga."

"Wenzangu kumi na mmoja wanalivuta vumbi hilohilo, daktari. Mzee wetu wa tanuri ana miaka sitini na mitatu na mlango wa hospitali haujui uko upande gani."

"Ndiyo maana nauliza." Aliipandisha miwani kwa kidole. "Virusi vya Ukimwi umepimwa?"

"Mara tatu. Majibu yameandikwa humo."

"Nimeona. Hasi, hasi, hasi. Wakaishia hapo." Alilaza penseli. "Sikiliza. Mtu akiugua, damu yake hutengeneza kingamwili. Ni vitu vidogo sana vinavyomjua yule mdudu na kumkamata. Mdudu akirudi, damu inamkumbuka. Yako, ninavyodhani, haikumbuki. Kila nimonia kwake ni ya kwanza."

"Kama mwanafunzi anayerudia darasa."

"Kama mwanafunzi anayerudia darasa la kwanza mwaka wa thelathini na nne. Na si kwamba ni mtoro. Hakupewa daftari la kuandikia."

Redio alitaka kucheka lakini hakucheka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mtu alikuwa amemweleza ugonjwa wake bila kumlaumu yeye, wala dirisha lake, wala maji ya baridi, wala tabia zake.

"Na hutibika?"

"Kama ndivyo, kuna kingamwili zinazotolewa katika damu ya wachangiaji. Mtu hutiwa kila mwezi. Lakini kwanza tupime, na kipimo hakiko hapa. Mapafu yako yameshaanza kuharibika, chini upande wa kulia. Mirija imelegea kama ukosi wa fulana kuukuu, makohozi yanalala humo. Kila nimonia inachukua kipande, na haikirudishi." Alichukua karatasi. "Mtaalamu wa maradhi haya anakuja hospitali kuu mara moja katika miezi minne. Anakuja kesho, saa mbili. Hapokei mtu asiye na hati ya rufaa yenye muhuri. Ukimkosa kesho, ni miezi minne mingine. Kwa daftari hili, miezi minne ni nimonia mbili. Sitaki kukuambia hesabu ya baadaye."

Akaandika kwenye karatasi ile, kwa herufi safi, maneno ambayo karani wa masjala angeyanakili katika hati rasmi: *Upungufu wa kinga mwilini, wa kuzaliwa nao, usiotokana na virusi.*

Mwaka uliopita waraka ulikuwa umetoka wizarani ukiagiza kwamba hati zote za wagonjwa ziandikwe kwa Kiswahili, ili kila raia aujue ugonjwa wake. Nia ilikuwa njema. Daktari, aliyejifunza maradhi kwa lugha nyingine, aliyatafsiri neno kwa neno kwa uaminifu mkubwa, na hakusikia alichokuwa amekiandika. Alimkabidhi Redio karatasi, akamtakia heri, akaanza kufunga mkoba. Saa sita alitakiwa kuwa katika kliniki nyingine, ng'ambo ya mji, na angerudi Jumatatu.

Karani wa masjala alikuwa mtu nadhifu, mwenye tai fupi na rula ya chuma. Aliinakili hati katika nakala tatu, akiandika herufi kubwa kwa kalamu yake, akipiga mistari chini ya majina. Sehemu ya maradhi ilikuwa kisanduku kidogo kilichopimwa na mtu aliyefikiri kwamba watu wote huugua malaria. Karani alikitazama kisanduku, akaitazama karatasi ya daktari, akafikiri kidogo, akaandika, akagonga muhuri. Nakala mbili akazitia faili. Ya tatu akaibana kwa pini ndani ya daftari la Redio.

"Mwingine!"

Redio alitoka akiwa mwepesi. Ofisi ya bwana afya ilikuwa mlango wa tatu katika ukumbi uleule, na nje yake hapakuwa na foleni. Alijisemea kwamba leo mambo yamejipanga. Saa ilikuwa sita na dakika kumi.

Bwana afya alikuwa mnene, mpole wa sauti, na alikuwa na feni peke yake. Alipokea kadi, akalisogeza karibu sanduku la muhuri, akaufungua wino.

"Daftari la matibabu nilione. Ni utaratibu tu."

Alilifungua palipokuwa na pini. Akasoma. Akaufunga wino.

"Ndugu yangu," alisema, "wewe unakanda mikate."

"Ndiyo, bwana."

"Kwa mikono."

"Mashine ni mbovu."

"Na hapa pameandikwa Ukimwi."

Redio alidhani amesikia vibaya. Akainama mezani. Ndani ya kisanduku, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari kwa rula, palikuwa na neno moja tu: UKIMWI. Chini yake muhuri wa zambarau, bado mbichi.

"Hapana," alisema. "Hapana, bwana. Hilo siyo. Nimepimwa mara tatu. Rudisha nyuma kurasa, uone. Hasi, hasi, hasi. Na alama za penseli za daktari hizo hapo."

Bwana afya hakurudisha nyuma kurasa. "Daftari si hati. Daftari unanunua dukani. Hati ni hii, yenye muhuri."

"Lakini muhuri umekosea!"

"Muhuri haukosei. Anakosea mtu. Nenda kwa aliyeandika, arekebishe, urudi. Mimi sina kinyongo nawe."

Alirudi masjala karibu akikimbia. Kifua kilimkaba mlangoni, akashika ukuta mpaka miluzi ikatulia. Foleni ilikuwa imeongezeka. Aliipita yote, watu wakanung'unika, akaibandika hati kwenye dirisha.

"Umeandika nini hapa?"

Karani aliitazama bila haraka. "Alichoandika daktari."

"Daktari hakuandika Ukimwi!"

"Daktari ameandika nini? Soma." Aliitoa ile karatasi kwenye faili, akaisogeza chini ya kidole. "Upungufu. Wa. Kinga. Mwilini. U, Ki, Mwi. Nimefupisha. Shule hamkufundishwa vifupisho?"

"Na maneno yaliyofuata? Usiotokana na virusi?"

"Kisanduku kiliisha."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Redio akasema kwa utaratibu, kama anayemweleza mtoto, kwamba basi afute, aandike upya. Karani akamjibu kwa utaratibu uleule kwamba hati zina namba zinazofuatana, kwamba hati iliyoharibika hufutwa kwa barua ya daktari aliyeitoa, na kwamba daktari ametoka. Aliipigia kliniki ya ng'ambo ya mji mara nne, na simu haikupokelewa.

"Basi Jumatatu," karani alisema.

"Mtaalamu ni kesho!"

"Kwani nimekuzuia kwenda? Hati unayo. Ina muhuri. Mtaalamu ataipokea."

"Itaninyima kazi! Unanibandika maradhi yasiyo yangu mbele ya watu! Mimi sina huo uchafu!"

Sauti yake ilijaa ukumbini. Watu wote wakageuka kumtazama.

"Uchafu upi, kaka?"

Mwanamke aliyesema alikuwa wa pili kwenye foleni. Alivaa gauni la kijani la wafanyakazi wa pale kliniki, na mikono yake ilikuwa imekauka kwa sabuni, ngozi imechanika kwenye vifundo vya vidole.

"Sikusema wewe, dada," Redio alisema.

"Hukunisema, lakini umenigusa. Mimi ninao, mwaka wa kumi na mbili. Nimekuja kuchukua karatasi ya dawa zangu. Wewe si ulilazwa hapa mwezi wa pili, kitanda cha karibu na mlango, ukikohoa mpaka wodi nzima haikulala?"

"Ndiye mimi."

"Mashuka uliyolalia niliyafua mimi, kwa mikono hii. Ulikuta uchafu?"

Redio aliitazama ile mikono. Alikuwa amelelewa na mama mkali aliyemfundisha kwamba mtu akikosea huomba radhi kabla ya kujitetea, na hata katika joto lile la homa fundisho halikumtoka.

"Nisamehe, dada. Nimeteleza."

"Ulimi hauna mfupa," alisema mama mfuaji, bila hasira. "Lakini samahani yako usiimalize yote kwangu. Iweke. Leo watakuambia uliyoniambia, na utataka kujua yanavyopokelewa."

Redio aliketi kwenye benchi la ukumbini. Hakutulia. Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akaketi tena. Alimpigia mkewe, ambaye saa ile alikuwa dukani kwa mama mmoja mshonaji akishona vifungo na kupiga pindo. Alimweleza yote kwa pumzi za vipandevipande.

"Baba watoto, subiri," mkewe alisema. "Kwa hiyo umepimwa au hujapimwa?"

"Nimepimwa hicho wanachokisema, sina. Hicho kingine ndicho cha kupimwa kesho."

"Na karatasi inasema unacho hicho ambacho huna."

"Ndiyo."

"Na bila karatasi hiyo, hicho ambacho huenda unacho hakipimwi."

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Hata mchawi asingeipanga hivi." Cherehani ilisikika nyuma yake, ikanyamaza. "Ungekuwa umekuja kuniuliza kama nakuamini, ningekupiga. Umeuliza?"

"Sikuuliza."

"Vizuri. Sasa nenda ukazungumze na huyo bwana vizuri. Usimpigie kelele. Watu wenye feni hawapendi kelele."

Alirudi mlango wa tatu. Bwana afya alikuwa akila ndizi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akalikunja ganda la ndizi ndani ya gazeti, akafuta vidole. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayetoa msaada:

"Mimi nakuamini. Nimeona watu wengi. Lakini kadi hii ikigongwa na hati hiyo iko ndani ya daftari, kesho kutwa mtu akizusha, mimi ndiye nitakayeulizwa. Kwa hiyo fanya hivi. Hati hiyo niachie. Nitaichana. Nitasema ulikuja na daftari peke yake. Kadi nagonga sasa hivi, unarudi kazini kabla ya saa tisa, hakuna aliyejua kitu."

"Na mtaalamu?"

"Miezi minne si mingi."

"Bwana, naomba kuuliza. Iko sheria inayosema mwenye Ukimwi asikande mikate?"

Bwana afya alikitazama kidole chake. "Sheria haisemi. Wanunuzi ndio wanaosema."

"Wewe ni bwana afya. Kazi yako si kuwaambia wanunuzi?"

"Kazi yangu ni muhuri," alijibu, na hakuwa akitania. Aliusogeza mezani, ukawa katikati yao, na kando yake akauweka mkono wake, kiganja juu, kuipokea hati.

Redio aliuona ule mkono. Aliuona msafi, wenye mistari myekundu ya wino. Alijua kwamba jambo lote lilikuwa rahisi kama kumpa mtu chenji. Angetoa karatasi moja na angepata muhuri mmoja. Kesho angefungua gunia la kwanza saa kumi na mbili, la pili, la tatu. Baada ya miezi miwili homa ingekuja, siku saba za dawa, karai za wenzake zingeongezeka, Nukta angenuna. Baada ya mitatu upande wa kulia ungechukuliwa kipande kingine. Hakuna ambaye angejua kwa nini. Hata yeye asingejua, na hilo ndilo lililomshinda. Kwa miaka tisa alikuwa amekohoa gizani, na asubuhi ile mtu mmoja alikuwa amewasha taa kwa dakika ishirini.

Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Hawakusema afanyeje mwenye maradhi ambaye serikali imeyafupisha.

Alipiga namba ya mkewe mara ya pili, akiwa amesimama palepale, bwana afya akimtazama.

"Anataka nimwachie karatasi, anipe muhuri."

Mkewe akasema, "Mimi ndiye ninayelala kando ya hicho kifua. Kikinyamaza usiku, nashtuka kuliko kinapopiga kelele. Kazi ikipotea nitalia, nitakutukana, nitaizoea. Hicho kingine siwezi kukizoea. Fanya unavyoona, lakini usiseme hukuniuliza."

Redio alirudisha simu mfukoni. Alilichukua daftari lake mezani, hati ikiwa imebanwa ndani, akalifunga.

"Kadi?" bwana afya alisema.

"Nayo naomba. Hata bila muhuri ni yangu."

"Ndugu yangu, usinilaumu."

"Sikulaumu. Naomba tu uandike nyuma ya kadi kwa nini hukugonga."

Bwana afya alitabasamu kwa huzuni, kama mtu aliyeombwa avue shati, akamrudishia kadi ikiwa safi pande zote.

Saa tisa kasoro robo alifika kiwandani. Kabla hajavuka kizingiti alijua kwamba habari ilikuwa imefika kabla yake, maana simu ina miguu mirefu kuliko ya mgonjwa. Watu waliokuwa wakipanga mikate katika makreti waliinama zaidi juu ya kazi yao. Kwenye rafu ya vikombe, kikombe chake cha bati kilikuwa kimetengwa, kimewekwa juu ya dirisha, peke yake. Mzee wa tanuri alikuwa akichokoa majivu ambayo hayakuhitaji kuchokolewa.

Nukta alimkuta mlangoni, akamsimamisha kwa kunyoosha daftari la mahudhurio kifuani pake kana kwamba lilikuwa ubao.

"Kadi?"

"Haikugongwa."

"Nimesikia kwa nini."

"Umesikia nini?"

"Nimepigiwa simu. Wanasema una ngoma." Nukta alikuwa na haya kidogo, alitazama pembeni. "Lisemwalo lipo, Redio, na kama halipo linakuja. Lakini mimi si mtu mbaya. Sema 'sina', hapa mbele ya watu wote, wakusikie. Nami nitamwambia tajiri."

Neno lilikuwa tayari ulimini mwake. Lilikuwa la kweli. Lilikuwa limeandikwa mara tatu. Lakini alipolitafuta lilikuja pamoja na lile jingine alilolisema masjala, limeshikana nalo, na akaiona mikono iliyochanika kwa sabuni. Alijua kwamba akilisema hapa kwa namna wanavyotaka lisemwe, atakuwa amekubali kwamba kikombe kile kingestahili kukaa dirishani kama kingekuwa cha mtu mwingine.

"Daktari amesema kinga yangu ni pungufu," alisema. "Kesho saa mbili wanapima ni pungufu ya namna gani. Hayo ndiyo yaliyopo."

"Kwa hiyo unao."

"Kwa hiyo nimekanda mikate yenu miaka tisa. Karai tatu nilizokanda asubuhi ziko wapi?"

Mmoja wa wapangaji makreti akajibu kwa kujisahau: "Zimeokwa."

"Na mikate?"

"Imeshachukuliwa madukani."

"Yote?"

"Yote."

"Basi hamkuwa na wasiwasi sana," Redio alisema.

Mzee wa tanuri akatoa sauti ndogo puani, ambayo huenda ilikuwa kicheko, na akaendelea na majivu yake. Hakugeuka. Redio alimsubiri ageuke, na aliumia alipoona kwamba hatageuka. Yule mzee alimpenda, lakini alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi miwili kufikia kiinua mgongo chake.

Nukta alifungua daftari la mahudhurio juu ya pipa la mafuta, akatafuta mstari. "Usitafute maneno mengi. Tajiri anakuja saa kumi kulisaini hili. Kila anayetoka lazima sababu yake iwepo. Hapa. Andika 'kwa hiari yangu', weka sahihi, uende ukapumzike. Ukipata muhuri, urudi. Nukta."

Alimpa kalamu. Redio aliishika, akausoma mstari. Majina ya wenzake kumi na mmoja yalikuwa juu yake na chini yake.

"Sina hiari hiyo," alisema.

"Basi andika 'ugonjwa'."

"Asubuhi nilikuwa mgonjwa vilevile, ukanipa magunia manne."

"Basi unataka iandikwe nini?"

"Kilichotokea. Uandike wewe." Aliirudisha kalamu, akaiweka katikati ya kurasa mbili. "Wewe ndiye unayenizuia. Andika kwamba umenizuia, na sababu yake, kwa maneno kamili, utie sahihi yako. Mimi nitatia yangu chini."

Nukta aliitazama kalamu. Alikuwa mtu wa amri za mdomo. Kwa miaka yote aliyosimamia watu hakuwahi kuandika jambo ambalo lingeweza kusomwa na afisa wa kazi au na wakili. "Mimi siandiki hayo," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ni nani niandike hayo? Andika wewe, ndugu yangu. Neno moja tu."

"Leo nimeshaandikiwa neno moja. Limenitosha."

Tangu atoke kwa daktari Redio hakuwa ametulia mahali pamoja kwa dakika tano. Sasa aligeuza kreti tupu, akaliweka sawa mbele ya pipa, akaketi juu yake, daftari lake la matibabu likiwa limelala magotini. Kikohozi kilikuja, alikipa nafasi yake, akakimaliza, akakunja kitambaa. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika kumi.

"Unangoja nini hapo?" Nukta akauliza.

"Nangoja uandike."